Nembo ya Kivuli

Ukimuuliza Bi Mwanamkasi wa mtaa wa Mabawa mwanawe anafanya kazi gani, atakwambia, "Anachorachora." Halafu atasita kidogo, na kama siku hiyo yuko vizuri ataongeza, "Lakini maofisi yanamtafuta."

Mwanawe huyo ni Najat Uweso. Ana miaka thelathini na tisa, watoto wawili, na mume mwalimu wa jiografia aitwaye Zubeiri. Kazi yake ni kuchora nembo, zile alama ambazo kampuni huweka mlangoni, kwenye barua, kwenye gari na kwenye fulana za wafanyakazi, ili mtu akiziona tu ajue hawa ni fulani. Wateja wake wengi ni wasanifu majengo, watu wanaochora nyumba kabla fundi hajaleta tofali la kwanza, pamoja na wale wanaoandaa maonyesho na mikutano. Hakuisomea kazi hiyo popote. Mimi ni jirani yake, na haya nimeyasikia kwake mwenyewe, mengine nimeyaona.

Kabla ya hapo alikaa miaka kumi na moja kwenye kibanda cha mjomba wake, Ngamiani, Barabara ya Nane, akitengeneza mihuri ya mpira. Shule, misikiti, vikoba vya kuwekeana akiba, mawakili, wenyeviti wa mitaa, wote walipita pale. Mihuri ina mafunzo yake. Chochote utakachokichora kitakuwa kidogo kuliko ulivyotaka, na atakayekigonga ni mtu mwenye haraka, kwa wino uliokauka, juu ya karatasi iliyokunjamana. Mstari mwembamba utafutika. Herufi zilizobanana zitageuka doa. Najat alifika mahali akawa anautazama mchoro mara moja tu na kujua utatoka au hautatoka, kama mpishi anavyojua wali umeiva kwa harufu.

Asubuhi moja alisimama mlangoni mwanamke mrefu, suruali yake ina vumbi la saruji magotini.

"Hodi."

"Karibu, dada."

Mwanamke huyo alikuwa Devota, Mshambaa wa Lushoto, msanifu katika kampuni moja ndogo iliyokuwa na ofisi Raskazone. Kampuni ilikuwa imebadilisha anwani na ilihitaji mhuri mpya wa kugonga kwenye ramani. Alitoa karatasi yenye nembo yao. Najat akaisogeza kwenye mwanga.

Palikuwa na nyumba yenye vigae, kigae kimoja kimoja. Pembeni mnazi. Juu ya paa bikari ya kuchorea duara, nyuma yake jua linachomoza, chini mawimbi matatu, na jina la kampuni limezunguka yote hayo kama mkanda.

"Dada, hii haitatoka," alisema Najat.

"Haitatoka vipi? Tunaitumia miaka yote."

"Kwenye barua sawa. Kwenye mhuri, huu mnazi ukipunguzwa utakuwa fagio. Na hii bikari watu watasema ni mtu ametanua miguu juu ya paa."

Devota alicheka hadi akavuta kiti akakaa. Hata hivyo akataka mhuri ufanywe vilevile, na Najat akaufanya. Walipougonga, lilitoka duara jeusi lenye kitu kama buibui ndani yake. Devota aliikodolea macho ile karatasi.

"Wewe ungechora nini?"

"Mimi natengeneza mihuri, dada."

"Nimekuuliza ungechora nini."

Swali hilo, anasema Najat, lilimfuata hadi nyumbani. Alipika nalo, akalala nalo. Wiki nzima kila akipata nafasi alichora kwenye daftari la hesabu la mtoto wake mkubwa, na alipopata michoro mitano iliyomridhisha akaisafisha kwenye kompyuta ya kibandani, akavaa baibui lake zuri, akapanda bajaji hadi Raskazone.

Ofisi ilikuwa kwenye nyumba ya zamani yenye kuta nene na bustani kubwa iliyochakaa. Mwenye kampuni aliitwa Nehemia, mzee wa miaka sitini hivi, mpole wa sauti, asiyependa kabisa kuitwa injinia. Alimkaribisha Najat, akaipanga ile michoro mezani, akaitazama mmoja baada ya mwingine. Kimya kilipozidi, Devota akaona achangamshe baraza.

"Mzee, unajua huyu dada alisema nini kuhusu nembo yetu? Alisema mnazi ni fagio!"

Akaieleza na ile ya bikari. Nehemia hakucheka. Aliikusanya michoro taratibu, akamrudishia Najat, akasema, "Asante kwa kuja, mama." Kisha akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Devota alishika kichwa. "Ee Mungu wangu. Kosa langu. Ile nembo aliichora Alexander."

Alexander, alieleza, ndiye aliyeianzisha kampuni pamoja na Nehemia. Walianza na chumba kimoja na meza moja, huyu upande huu, yule upande ule, wakafanya kazi pamoja miaka ishirini na sita. Alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, kwa maradhi ya figo. Ile nembo yenye mambo mengi aliichora siku waliyopata usajili, kwa furaha, na kila kilichomjia kichwani alikiweka humo.

Najat alirudi Mabawa moyo umemwinama. Zubeiri alimwona tangu mlangoni.

"Wamekataa?"

"Afadhali wangekataa. Nimemtukana marehemu wa watu."

Akamsimulia. Zubeiri alikuwa akisahihisha madaftari. Akaweka kalamu chini. "Rudi ukamwombe radhi."

"Nikaseme nini?"

"Sema hukujua. Si kweli kwamba hukujua?"

Alirudi kesho yake asubuhi, safari hii bila michoro. Nehemia alikuwa kwenye kibaraza cha ofisi, anakunywa chai ya rangi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu ukae."

"Sitakaa sana. Jana nimekuja na maneno ya kejeli kwa kitu ambacho sikujua ni cha nani. Naomba unisamehe."

Mzee alizungusha kikombe mkononi. Kisha akasema, "Ule mnazi, hata mimi nilimwambia unafanana na fagio. Siku ile ile aliyouchora. Akaninunia mpaka saa ya chakula cha mchana."

Na hapo ndipo alipocheka, kicheko kidogo cha puani, na Najat naye akajikuta anacheka huku machozi yanamlenga. Akakaa. Akamiminiwa chai.

Walipomaliza kunywa, Nehemia alimpeleka ndani akafungua kabati refu lililojaa ramani zilizoviringishwa. Zilikuwa kazi za Alexander. Alizikunjua juu ya meza, akazibana pembeni kwa vikombe na mkasi. Najat hakuwa na elimu ya kusoma ramani, lakini macho yake yalizoea kutafuta ni kipi kilichowekwa kwanza na kipi kimefuata. Aliona kwamba kwenye kila mchoro, chini ya paa na pembeni ya kuta, palipakwa penseli laini, nyeusi, na kwamba ile penseli ilikuwa chini ya mistari mingine yote.

"Hiki cheusi alikipaka mwanzo?"

Nehemia alimwangalia upya. "Umeliona hilo? Sisi wengine tunaanza na kuta, tukimaliza ndipo tunafikiria jua. Yeye alianza na kivuli. Alikuwa anauliza saa saba mchana watu watakaa wapi. Akishajua watakaa wapi, ndipo anawajengea kuta."

"Kuna nyumba yake ambayo ningeweza kuiona?"

"Zipo. Ya mwisho ni zahanati, Moa huko. Hakuiona ikimalizika. Na mimi," aliongeza akiviringisha ramani, "sijakwenda tangu ikabidhiwe. Devota ndiye aliyeisimamia. Kwani kuchora nembo nako kunataka safari?"

"Sijui, mzee. Lakini nimewaletea michoro mitano sijaona hata nyumba yenu moja. Naona nilikuwa nakisia tu."

Siku ya Alhamisi Devota alimchukua kwa gari la kampuni wakashika barabara ya Horohoro. Walipofika mahali pa kuchepuka kuelekea pwani, Devota hakuwa na hakika ya njia, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeibadilisha, akamwuliza dereva wa bodaboda aliyeegesha pale.

"Kaka, samahani, zahanati mpya tunaingilia hapa?"

"Zahanati?" Akafikiri. "Aa, mnasema pale Kofia! Nyookeni, mkiona minazi imesimama mitatu peke yake shikeni kulia."

Wanawake wawili wale walitazamana.

Zahanati yenyewe ilikuwa ndogo kuliko Najat alivyodhani. Kuta zake fupi, zimepakwa chokaa. Lakini paa! Paa lilitoka nje ya kuta hatua nne au tano kila upande, limeshikwa na nguzo nyembamba, na chini yake kulizunguka kibaraza cha saruji ambacho mtu angeweza kukaa au kujinyoosha. Ilikuwa inakaribia saa sita. Nje mchanga ulikuwa mweupe kiasi cha kuumiza macho. Chini ya paa walikaa kina mama wapata kumi na watano na watoto wao wa kliniki, baadhi wanasukana, mmoja amelala kabisa.

Mhudumu wa pale alikuwa Bi Wanu, mama wa makamo aliyeletwa Moa na ndoa kutoka Pemba, mnene, mwenye ufagio mkononi na amri mdomoni. Devota alimjua.

"Bi Wanu, mbona watu wanapaita Kofia?"

"Sasa tupaite nini? Hukuona lilivyokaa? Kuta ndiyo kichwa, ile juu ndiyo kofia. Kofia pana, si ya viua ya kwendea msikitini." Akaonyesha kwa ufagio. "Jua likija huku sisi tunahamia kule. Likenda kule tunarudi huku. Ile ya zamani mgonjwa akija na homa moja akirudi na mbili, moja yake na moja ya jua. Hapa wengine hata hawaumwi, wanakuja kukaa tu. Nawafukuza hawatoki!"

Kina mama wakacheka. Najat aliomba nafasi kibarazani, akapewa. Alikaa hadi alasiri akiangalia ukingo wa kivuli unavyotembea sakafuni na watu wanavyousogelea bila hata kukatisha mazungumzo, mtu anajivuta kidogo, anavuta na mtoto, anaendelea na habari yake. Daftari lilikuwa mapajani. Alipoondoka alikuwa na mchoro mmoja.

Mchoro huo ulikuwa na mstari mnene wa juu, mrefu. Chini yake, katikati, mstari mfupi. Baina yao nafasi tupu. Basi.

Msije mkadhani kazi iliishia hapo. Alikwenda nao mwezi mzima. Mstari wa juu ukiwa mrefu sana ulikuwa kama meza. Ukiwa mfupi ulikuwa kama alama ya "sawa na" kwenye hesabu. Aliujaribu mdogo kama punje ya choroko na mkubwa kama mlango. Aliupaka kwenye kofia ya plastiki ya fundi ujenzi, akaimwagia vumbi la saruji, akamwambia Zubeiri asimame ng'ambo ya barabara aseme anaona nini. Zubeiri, mtu wa subira, alisimama ng'ambo ya barabara. Akatafuta pia herufi za jina la kampuni, zisizo na mapambo, zenye kukaa chini ya ule mstari bila kubanwa.

Alipoupeleka Raskazone, Nehemia aliuinua karibu na uso, kisha akaushusha mbali.

"Nyumba iko wapi?"

"Hakuna nyumba, mzee. Hilo ni paa na ile ni sakafu."

"Na kuta?"

"Hazipo."

"Nimesoma, nimefanya kazi hadi mvi zimenitoka, leo nijitambulishe kwa mistari miwili?" Hakuwa amekasirika, alikuwa anauliza kweli. "Na watu watakaokaa humo wako wapi?"

"Wako hapo katikati, palipo peupe."

Najat akaona amwambie yote. Akamweleza kuhusu yule wa bodaboda, na Bi Wanu na ufagio wake, na kina mama wanaohama na kivuli. Alipofika kwenye jina la Kofia, mzee alimkatisha.

"Wanapaita hivyo kweli?"

"Nani?"

"Watu wa pale. Wanapaita Kofia? Hukuliweka wewe hilo?"

"Nililisikia njiani kabla hata sijafika."

Jumamosi, Devota alikuja kumwambia Najat kwamba mzee amechukua gari peke yake tangu alfajiri, akashika barabara ya Horohoro bila kuaga. Jumatatu akampigia simu mwenyewe. Hakuwa na maelezo mengi. "Tutaitumia. Lakini huo mstari wa juu uongezee unene kidogo. Alexander asingeukubali hivyo ulivyo." Najat akauongezea, na ni kweli, ukawa mzuri zaidi.

Miezi michache baadaye kampuni iliamua kufanya maonyesho ya siku tatu kwenye bustani yao, ya michoro ya Alexander na majengo yaliyotokana nayo. Waliyaita Kivuli Kwanza. Najat akapewa sura yote ya shughuli hiyo, kuanzia kadi za mwaliko na vitambulisho hadi mabango ya kuelekeza watu na maandishi ya ukutani. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kushika, na ni katika kazi hiyo alipoharibu.

Wazo lake lilikuwa zuri. Aliona kwamba bango la kawaida husimama juani, na msomaji naye anasimama juani akikunja uso. Kwa nini bango la maonyesho haya lisitoe kivuli? Badala ya mabango ya plastiki alitaka vitambaa vipana vya marekani, ile nguo nzito ya pamba, vilivyotiwa rangi ya buluu iliyokolea, vitandazwe juu ya vijiti kama kibanda, na maneno yashonwe kwenye pindo linaloning'inia, usawa wa macho. Mtu anasoma yuko kivulini. Nehemia aliuliza maswali mengi, kisha akasema, "Hili Alexander angelipenda." Vitambaa kumi na viwili vilitiwa rangi na kushonwa na fundi cherehani wa hapa hapa Mabawa, Rahimu.

Rahimu alimwonya. "Dada Najat, hii buluu haijakaa. Niachie siku mbili niiloweke kwenye maji ya chumvi niisuuze vizuri. Nguo hii itachuja."

"Hakuna muda, kaka. Mvua zenyewe zimeshakwisha."

Siku ya kwanza ya maonyesho, saa tatu asubuhi, watu wamejaa bustanini na wengine wamevaa kanzu zao nyeupe kabisa, kilipita kiwingu kimoja kutoka baharini kikanyunyiza mvua ya dakika kumi. Kila mtu alikimbilia alikoelekezwa, yaani chini ya vitambaa. Na vitambaa vikaanza kutona.

Najat alikuwa mlangoni akigawa vitambulisho. Aliposikia kelele akageuka, akaona matone ya buluu juu ya bega la mgeni mmoja wa heshima, juu ya ushungi wa bibi mmoja, juu ya kipara cha mtu asiyemjua. Alitamani ardhi impe mahali pa kuingia. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya watu, akasema kwa sauti, "Jamani, kosa ni langu. Niliambiwa nguo hii ifuliwe kwanza, nikafanya haraka. Naomba radhi, na kila aliyechafuliwa nguo nitamfulia mwenyewe."

Mgeni wa heshima aliangalia bega lake. Nehemia, aliyekuwa kando yake, naye shati lake lilikuwa limepata mistari ya buluu kifuani. Mzee akaangalia shati, akaangalia kitambaa juu, akasema, "Sasa na sisi tumegongwa mhuri." Watu wakaangua kicheko. Bibi wa ushungi akasema wa kwake hautoi ufuliwe, Najat amwachie hivyo hivyo, umependeza. Nehemia hakubadilisha shati siku hiyo, na kesho yake alilivaa tena.

Mchana huo huo Najat, Devota na Rahimu walivishusha vitambaa vyote, wakavitumbukiza kwenye mapipa ya maji ya chumvi nyuma ya ofisi, wakasuuza mpaka mikono ikawa ya buluu hadi viwiko. Rahimu hakumwambia "nilikwambia", na kwa hilo Najat anamshukuru hadi leo. Walivianika juu ya ua. Jioni vilipokauka vilikuwa vimepauka, rangi si ile nzito tena bali buluu laini, kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Devota alirudi nyuma hatua kadhaa akavitazama.

"Najat, njoo uone."

"Sitaki kuona."

"Njoo uone, nakwambia."

Akaja. Rangi ile ilikuwa nzuri kuliko ya mwanzo. Chini yake uso wa mtu ulionekana umetulia, wakati ile nzito ilimfanya kama mgonjwa. Ndiyo rangi ambayo kampuni inaitumia mpaka sasa, kwenye barua na kwenye mlango, na ukimuuliza Najat aliipataje, hafichi.

Siku ya pili walikuja watu wa Moa, gari zima, Bi Wanu mbele yao amevaa nguo ya sikukuu. Walipita kwenye michoro bila haraka mpaka wakaifikia ile ya zahanati. Pembeni yake palikuwa na picha ya Alexander, amekaa kwenye ngazi, anacheka. Bi Wanu aliisogelea.

"Huyu ndiye aliyetushonea kofia?"

"Ndiye," alisema Nehemia.

"Yuko wapi nimshike mkono?"

"Ameshatangulia, mama. Hakuiona ilipokwisha."

Bi Wanu aliitikia kwa kumwombea rehema, kimya kimya, midomo ikienda. Kisha akamgeukia Nehemia akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili. "Basi nimekushika wewe," alisema. Nehemia alivua miwani akaifuta, na ikamchukua muda mrefu kuifuta.

Baada ya maonyesho hayo kazi zilianza kuja zenyewe. Wasanifu wawili wa Moshi, kampuni moja ya Dar es Salaam, mkutano wa wakulima wa nazi, tamasha la vyakula vya pwani, jengo la maktaba ya shule. Najat alimuaga mjomba wake vizuri, akageuza chumba cha mbele cha nyumba yao kuwa ofisi, akaweka meza kubwa karibu na dirisha. Si kila kitu kimekwenda sawa. Wale wa Dar es Salaam walimrudisha mara nne wakitaka nembo ifanane na ya kampuni nyingine waliyoiona mtandaoni, na mara ya tano akawaambia waitafute hiyo hiyo kampuni iwachoree. Kisha akaenda kununua samaki, akala, akaona dunia bado ipo.

Devota sasa ni kama ndugu wa nyumba. Huja Jumamosi na viazi vya Lushoto au mapera, wakafanya kazi uani huku watoto wanacheza. Mara nyingine hugombana kweli kweli, na nimewahi kuwasikia kupitia ukuta wakinuniana kwa sababu ya ukubwa wa herufi moja kwenye mlango wa maabara. Saa moja baadaye nikawasikia wanakula mihogo.

Jumamosi iliyopita nilikuwepo mimi mwenyewe. Kampuni inajenga nyumba ya wageni Pangani, na Najat amechora namba za milango ya vyumba. Devota alisema wageni wengi watakuwa watu wa umri mkubwa, kwa hiyo namba zijaribiwe kwa macho ya mzee. Bi Mwanamkasi alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo mapajani, anachagua mchele. Najat akashika karatasi kubwa mlangoni mwa jiko.

"Mama, hebu soma."

"Nisome nini na miwani yangu iko ndani?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Mama alikaza macho. "Saba."

"Sawa. Na hii?"

"Tano."

"Na hii?"

"Nane."

"Hiyo ni tatu, mama."

"Basi mgeni wangu ataingia chumba cha mwenzake avunje ndoa ya watu!"

Devota alicheka mpaka akashika ukuta. Najat hakucheka, alikuwa tayari ameketi chini anaifuta ile tatu, akaifungua mdomo, akainyoosha juu. Akainuka akaishika tena.

"Na sasa?"

Bi Mwanamkasi aliinua kichwa kutoka kwenye mchele, akaitazama kwa muda.

"Tatu," alisema. "Hiyo hata kipofu ataiona. Haya, ondokeni mlangoni nikapike."